Kilo Kumi na Nane

Saint-Gilles, Bruxelles
Tarehe 9 Septemba

Yaya Thérèse, dada mkubwa mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti chako cha karibu na dirisha, miwani iko puani na goti la kushoto limetulia. Nakusalimu kwa heshima yote, na nawasalimu wote wa nyumba ya Likasi, wakubwa kwa wadogo. Emmanuella amejifungua? Kama ni msichana, mwambie binti yako asimpe jina langu, maana kuitwa Gracieuse ni mzigo kwa mtu aliyevuka kilo tisini. Mimi ni mzima. Bado nasuka nywele kwenye saluni ya Galerie d'Ixelles, vidole vinauma kidogo asubuhi, kisha vinazoea. Mvua ya hapa unaijua kwa habari, haina nguvu na haina mwisho.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu zipo. Yaya, kwa simu mimi nakimbia. Ukivuta pumzi tu, nabadilisha habari, nakuuliza bei ya unga. Kwenye karatasi siwezi kukimbia mbali. Nina jambo la kukuambia juu ya mdogo wako Mwamba, marehemu mume wangu. Mwezi uliopita uliniandikia kwamba misa ya kuondoa matanga, ile ya Desemba, hutaisimamia, kwa sababu huwezi kusimama mbele ya watu kwa ajili ya mwanaume aliyekufa akiwa na deuxième bureau, mwanamke wa pembeni, akimwacha mke wake analia na sufuria. Nakuomba usilifunge neno hilo kabla hujafika mwisho wa barua hii. Na usiruke mistari. Najua unavyosoma barua, unaanza na sahihi.

Nianze na la kuchekesha, nipate nguvu. Mimi wifi yako, miaka arobaini na tisa, mwanamke wa vitana na mafuta ya nywele, nimekuwa dereva wa mbio. Cheka kwanza, nitakungoja. Kuna vigari vidogo vinaitwa kart. Havina paa wala milango, injini iko ubavuni pako, na matako yanakaribia kugusa barabara. Watu wazima wenye kazi zao na wajukuu wao wanavaa ovaroli na helmeti, wanazungukana na vigari hivyo kwenye uwanja wenye kona nyingi, kisha wanashuka wanapeana mikono kana kwamba wametoka ibadani. Mimi ni mmoja wao tangu Aprili. Niliwapita watu wawili mwezi uliopita, ingawa mmoja alikuwa ameharibikiwa na mnyororo.

Uwanja wenyewe uko nje ya mji. Jumamosi napanda treni Gare du Midi, dakika arobaini, halafu basi linalopita katikati ya mashamba ya viazi. Asubuhi mara nyingi kuna ukungu, na ukifika mapema huoni barabara ya mbio, unaona tu rundo la matairi, halafu kona, halafu weupe. Nikishavaa helmeti dunia inahama kidogo. Naisikia pumzi yangu mwenyewe. Sauti za watu zinakuwa za mbali, zinafanana na redio ya jirani, na ile injini inaanza kuimba wimbo mmoja usiobadilika, na mimi naingia ndani ya wimbo huo. Mara nyingine naona kilima kile cha Likasi tulichokuwa tunateremka kwa baiskeli, Mwamba anakanyaga, mimi nimekaa nyuma kwenye keria, mwembamba wa kuweza kusahaulika. Nayaona mabega yake mbele yangu. Kona inakuja, nageuza usukani, na ninaporudi kwenye mstari ulionyooka ameshapotea. Siogopi hata kidogo, Yaya. Mahali pengine pote naogopa, lakini si pale.

Sasa nikueleze nilifikaje huko. Lazima nikurudishe nyuma, kwenye mambo ambayo wewe mwenyewe uliyasikia kutoka kinywani mwangu.

Unakumbuka mwaka jana, mwezi wa tano, nilikupigia nikilia. Nilikuambia kwamba kila Jumamosi Mwamba anatoka saa mbili asubuhi, anasema anakwenda sokoni Flagey kukutana na wababa wa parokia, na jioni anarudi na fungu moja la mboga lililonyauka, la dukani kituoni, siyo la Flagey. Nilikuambia kwamba ametoka nyumbani ananuka sabuni yetu, anarudi ananuka sabuni nyingine, ya maua. Nilikuambia nimeona alama kwenye mbavu zake, nyekundu na za zambarau, na alipoulizwa alisema amejigonga kwenye mlango. Nilikuambia simu yake inapokea ujumbe wa mtu anayeitwa Tatiana. Na nilikuambia lile lililokuudhi kuliko yote, kwamba ameacha bukari, ugali wa kwetu. Jioni anakaa mezani, anakula majani ya sombe kidogo na kipande cha samaki, na donge langu la bukari analirudisha jikoni zima, limefunikwa kwa heshima. Hukuniuliza habari ya sabuni wala ya mbavu. Uliniuliza swali moja tu, kama hali kwangu, anakula wapi.

Ulimpigia siku ile ile. Nilikuwa nimesimama ukumbini, nikisikia. Ulimwambia kwamba mpaka siku atakayomaliza sahani ya mke wake asikuite tena dada. Alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya wewe kukata. Hakujitetea. Nikauchukua ule ukimya kuwa ushahidi, nikaenda kulala chumba cha wageni, na tangu hapo tuliishi kama wapangaji wawili wanaogawana jiko. Wewe hukumpigia tena, na yeye hakukupigia. Februari mwaka huu damu ilimpanda kichwani, akalazwa siku kumi na moja, akafa. Kwenye matanga ulinitumia sauti ukaniita mwanamke wa uvumilivu. Ile sauti niliisikiliza mara moja tu, sikuweza kuirudia.

Kati ya vitu vyake kulikuwa na ufunguo mdogo wenye kibao cha namba 27 na jina la uwanja. Arobaini ilipopita niliupeleka kwa wenyewe, kwenye uwanja ule wa kart. Nilivaa vizuri, Yaya, nilivaa kama mtu anayekwenda kumtazama mke mwenzake. Pale karakana nilimkuta msichana wa miaka thelathini na kidogo, mikono imejaa mafuta ya injini mpaka viwikoni, nywele amezifunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Huyo ndiye Tatiana. Ni fundi wa uwanja. Amezaliwa hapa, lakini mama yake ni mtu wa Kolwezi, na Kiswahili chake ni cha jikoni kwa mama. Nilipojitaja aliweka spana chini, akaniambia, bon, maman, ni weye muke ya papa Mwamba, alors ingia, bintu byake biko paka pale, hatukugusa. Kisha akaanza kulia mbele yangu, na mimi nikawa wa kumbembeleza, mimi niliyekuja kwa vita.

Nikafungua kabati namba 27. Mlikuwa na ovaroli moja kubwa ya bluu, helmeti, glavu zilizochakaa kiganjani, fulana ngumu ya kukinga mbavu ambayo aliinunua akiwa amechelewa, baada ya zile alama. Na kwenye kikopo cha plastiki palikuwa na kipande cha sabuni ya maua, kimebaki nusu, kwa ajili ya bafu la pale uwanjani. Nilikinusa, Yaya. Ndiyo harufu niliyoilia mwaka mzima. Mwanamke mwingine hakuwapo. Deuxième bureau ya mdogo wako ilikuwa gari lisilo na paa.

Na bukari, nayo nilielezwa. Tatiana alitoa daftari lake, akanionyesha. Mwamba alipoanza, akiwa amevaa kila kitu, mizani ilisoma kilo mia na thelathini na moja. Daraja lake lilihitaji mia na ishirini na moja, na kila kilo ya ziada ilikuwa inamnyima mwendo kwenye kutoka kona. Akaacha bukari ya jioni ili apunguze kilo kumi. Daktari alikuwa amemwomba hilo hilo miaka sita na hakusikia. Kwa ajili ya kart alisikia, na Januari alifika, mia na ishirini na moja kamili, Tatiana amepigia mstari mara mbili chini yake. Nyumbani hakumwambia mtu.

Utauliza kwa nini alificha mchezo kana kwamba ni dhambi. Hilo ni langu pia. Siku ya komunyo ya mtoto Larissa, nyumba imejaa wageni, televisheni ilionyesha mbio hizo, na Mwamba akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu utoto alitaka kuketi ndani ya kitu kama kile. Mimi nikasema mbele ya wote kwamba wakikiweka kitambi kile humo watahitaji winchi ya mgodini kukitoa. Wageni walicheka mpaka wakashika meza. Yeye pia alicheka, akainuka akaenda kuleta vinywaji. Nilikuwa mchekeshaji mzuri siku ile.

Basi nilikuwa nimesimama pale karakana na glavu zake mkononi, na Tatiana akaniuliza kama nataka kukaa kidogo kwenye kiti cha Mwamba kabla hajakifungua kutoka kwenye gari. Nikakaa. Kilikuwa kiti kipana, alichotafutiwa kwa taabu. Unajua mimi na viti vya Ulaya. Kiti cha ndege, kiti cha tramu, kile cha ukumbi wa Flagey tulipokwenda kusikiliza kwaya, vyote vinanibana na kuninong'onea. Hiki kilinipokea. Miguu ilinyooka ikafika kwenye breki, mikono ikafika kwenye usukani, na mbele yangu kulikuwa na mlango wazi na ukungu. Sijui nilikaa muda gani. Nikasikia mtu anasema kwamba anataka kujifunza, na mtu huyo alikuwa mimi.

Tatiana hakucheka. Alisema kwanza tuchague catégorie, maana mtu akianza kwenye daraja lisilo lake anaacha baada ya mwezi, na watu wazima wazito ndio wanaokosea zaidi, wanafuata kelele. Akanipeleka kwenye mizani. Yaya, mimi kilo zangu hakuna anayezijua, hata Mwamba hakuzijua, hata wewe hukuwahi kuzisikia. Nikasita. Akaniambia, maman, huku kilo haiko haya, huku banaitafuta. Nikapanda na ovaroli ya Mwamba mwilini, imenizidi kote, na helmeti mkononi. Kilo mia na tatu. Akaziandika na kalamu bila kuinua macho, kisha akanieleza.

Kuna daraja la vijana, alisema, injini ndogo zinazolia kama nzi kwenye chupa, ambako dereva mwenye kilo sitini anaruka na mwenye mia moja anabaki akivuta mwili wake mwenyewe kila kona. Huko nisiende, nitaumia moyo. Kuna daraja la gia, injini zenye nguvu zisizojali uzito, na wanaume wengi wa umri wangu hulikimbilia kwa sababu hiyo. Lakini mkono mmoja uko kwenye gia, gari linakurusha, na mbavu za mtu anayeanza hazidumu hata miezi miwili. Huko pia nisiende. Kwa mtu kama mimi kuna zile injini tulivu, zinazofanana na za mashine ya kukatia majani, hazina hasira na haziharibiki ovyo. Humo wamegawa watu kwa uzito. Gari na dereva hupimwa pamoja kila baada ya mbio, na aliye chini ya kipimo anafutwa. Kundi la kati ni kilo mia na themanini na tano. Kundi la wazito ni mia mbili na tano.

Gari lina kilo themanini na nne. Piga hesabu mwenyewe. Mimi na gari tunafika mia na themanini na saba. Tatiana akafurahi, akasema kundi la kati limeshonwa kwa ajili yangu, nimezidi kilo mbili tu, ni mikate michache. Kwa kundi la wazito nimepungukiwa na kilo kumi na nane, na anayepungukiwa anafungiwa vipande vya madini ya risasi, plomb, kwenye kiti kwa boliti, anazunguka na mzigo asiokuwa nao. Mtu mwenye akili hawezi kujiongezea uzito wakati hana lazima.

Nilimwambia nitafikiri. Jumamosi tatu nilijaribu gari bila kujiandikisha popote. Alinifundisha kwamba mzito haendeshi kama mwepesi. Mwepesi akikosea kona, anakanyaga na gari linamsamehe. Mzito akipoteza mwendo haurudi upesi, kwa hiyo asiupoteze, apige breki mapema, aingie taratibu, mikono laini, aliache gari litoke lenyewe. Siku ya kwanza nilizunguka mara nne, nikashuka, vidole vya kusukia vimekufa ganzi. Kwenye kundi la wazito kuna Mburundi mmoja wa Bujumbura, Hamissi, anaendesha gari la mizigo siku za kazi, mtu wa dini na utani. Alikuwa akigawana termosi ya chai na Mwamba. Alinieleza kwamba papa Mwamba aliimba ndani ya helmeti, wote walimsikia alipowapita, nyimbo za kwaya ya Likasi, sauti ya tatu. Akasema mahali pake kwenye mstari wa kuanzia walipaacha wazi mbio mbili mfululizo, hakuna aliyeamriwa, watu walisimama tu na pengo katikati.

Wiki ya nne nilijiandikisha kwa wazito. Tatiana alinitazama. Nilimwambia ni kwa sababu ya kiti, kwamba kiti kimezoea kundi lile. Akafunga vipande vya risasi kimoja kimoja, vingine mgongoni mwa kiti, vingine chini ya mapaja yangu, na gari likawa zito mkononi mwangu, linakaza kwenye kona kama mtu asiyetaka kuondoka nyumbani. Lakini Yaya, wewe umeshaona nilichokiona mimi kwenye daftari. Mia na ishirini na moja, toa mia na tatu. Kilo kumi na nane ni tofauti yangu na Mwamba. Gari lile linazunguka na uzito wake kamili, ule alioutafuta kwa kuacha bukari yangu. Nikisimama kwenye mizani na gari, sindano inasimama palepale iliposimama yeye alipokuwa hai.

Ningeweza kuishia hapa. Jana nilikuwa nimeishia hapa, nikatia sahihi, nikabandika bahasha. Ilikuwa barua nzuri, wewe ungelia, ungesema masikini Gracieuse hakujua, sote hatukujua, na misa ya Desemba ingesimama. Leo asubuhi nimeichana. Nakaa jikoni tena, chai imepoa, na naandika sehemu iliyobaki.

Nimekuandikia kana kwamba ule ufunguo ndio uliniambia. Siyo kweli, Yaya. Nilipokwenda uwanjani nilikuwa najua tayari. Nilivaa vile kwa sababu sikumwamini hata marehemu, nilitaka kuona kwa macho. Lakini neno nilikuwa nimeshalipewa, na aliyenipa ni yeye.

Siku ya kwanza hospitalini, ulimi ulipomrudia kidogo, alianza kuongea kwa nusu ya mdomo. Nilimsogelea nikidhani ataomba maji. Alisema hakuna mwanamke. Alisema ni voiture, kigari kidogo, cha mbio. Akaeleza yote, taratibu, akipumzika kila maneno mawili, sabuni, mbavu, Tatiana, kilo. Alicheka kwa upande ule unaocheka. Alisema aliona haya kwa sababu ya siku ya komunyo, na baadaye, ulipompigia wewe, aliona haya zaidi, mtu wa miaka hamsini na sita aanze kumweleza dada yake kwamba anacheza na vigari. Alitaka kwanza ashinde hata mbio moja, ndipo atualike sote, na wewe kwa video. Kisha akaniomba jambo moja. Alisema, pigia Yaya. Mwambie ningali nakula kwako.

Nikasema ndiyo.

Sikupiga. Nilitoka mpaka koridoni na simu mkononi, nikaona jina lako, nikaona miezi tisa niliyokulilia, nikawaona wote wa Likasi niliowaambia, wajomba, wababa wa familia, hata padri. Nikaona haya. Nikasema nitapiga kesho, nikishapata maneno. Kesho yake aliniuliza ulisema nini. Nikamjibu hushiki simu. Keshokutwa nikamwambia mtandao wa Likasi ni mbaya. Siku ya tano sikungoja aulize, nilimwambia mwenyewe nimejaribu tena, na nilishika simu mbele yake na kuiweka sikioni, Yaya, nayo imezimwa. Siku ya nane alinigusa mkono, akaniambia nisihangaike, wewe bado una hasira, yeye anakujua tangu utoto, hasira yako ni ndefu lakini itaisha. Hakuuliza tena. Siku ya kumi na moja alikwenda, akiamini dada yake alikataa kumsikia.

Wewe ungeshika simu. Najua. Hata saa ya misa wewe unashika. Ungemwambia maneno mawili, mngeucheka wote wawili ule ugomvi wa sufuria, na angekufa akiwa na dada. Nilikunyang'anya hilo, na yeye nilimnyang'anya, kwa sababu nilitaka kubaki mwanamke wa uvumilivu siku chache zaidi. Hakuna mwingine wa kulaumiwa. Nimejaribu kulitafuta jina jingine la jambo hili, ninapozunguka kwenye ukungu ule, mzunguko baada ya mzunguko, na sijalipata.

Kwa hiyo misa ya Desemba, ukikataa kusimama, kataa kusimama na mimi. Yeye msimamie. Waambie watu wa Likasi, kwa jina langu, kwamba mdogo wako hakuwa na mwanamke mwingine, na kwamba mke wake alijua siku kumi na moja akanyamaza. Soma barua hii mbele yao ukitaka. Na ukitaka kunifuta kwenye familia, nitaelewa, nitaendelea kukuita Yaya kimya kimya.

Aristote wa dada Numbi anasafiri Jumatano kwenda Lubumbashi, ndiye anayebeba barua hii, na amekubali kufika mpaka Likasi. Nimempa pia kifurushi kidogo. Ni glavu za Mwamba. Viganja vimechakaa pale alipokaza usukani, na ukiziingiza vidole utaona zimehifadhi umbo la mikono yake. Usizifue.

Nisalimie Emmanuella na mtoto, kama ameshafika. Nisalimie wababa wote, waambie nitawaandikia mmoja mmoja, na padri pia. Dawa ya goti iko ndani ya kifurushi, ni ya kupaka, siyo ya kunywa.

Na la mwisho. Simu ya Mwamba naichaji kila Ijumaa, namba ni ile ile unayoijua. Jumapili ya tarehe 22, saa nane mchana, saa zenu na zetu ni sawa, mimi nitakuwa kwenye mstari wa kuanzia na zile kilo zake kumi na nane, na simu yake itakuwa ndani ya kabati namba 27, imewashwa. Mpigie, Yaya. Hakuna atakayeshika. Iache iite mpaka mwisho, na utamsikia yeye mwenyewe, sauti nzima, akisema bonjour, hapa ni Mwamba, niko occupé kidogo, acha neno lako.

Acha neno lako. Mimi sitalisikiliza.

Wako asiyestahili kukuomba, anayekuomba msamaha,

Gracieuse